Msomaji Anapojibu, Mwandishi Afanyeje?

Mwezi uliopita nilipokea barua kutoka kwa mwalimu mmoja kijana anayefundisha Kiswahili katika shule ya upili ya wasichana. Sitalitaja jina lake wala la shule yake, kwa maana hakuniomba nimtangaze, aliniomba ushauri. Alianza kwa kuniamkia ipasavyo, "Shikamoo Mwalimu", kisha akaingia moja kwa moja katika lililomsibu. Muhula uliopita yeye na wanafunzi wa chama cha Kiswahili walianzisha gazeti la ukutani. Kando ya kila insha na kila shairi walibandika karatasi tupu ili msomaji yeyote aandike maoni yake. Majuma mawili ya kwanza mambo yalikwenda shwari. Juma la tatu karatasi hizo zikajaa kejeli, majina ya kupanga na michoro isiyofaa kuonyeshwa mzazi. Mwalimu mkuu alipopita hapo aliamuru zote zibanduliwe. "Je, Mwalimu," akauliza, "niliendeleze gazeti bila maoni ya wasomaji, au nilifunge kabisa?"

Nilipoisoma barua ile nilicheka kidogo, kisha nikanyamaza. Nilicheka kwa sababu nilidhani ni mimi peke yangu niliyewahi kuingia katika shimo hilo. Nilinyamaza kwa sababu nilikumbuka jinsi nilivyotoka humo, na sikutoka kwa heshima.

Mwaka wa 1994 nilikuwa mlezi wa chama cha Kiswahili katika shule moja ya bweni ya wavulana. Sisi nasi tulikuwa na gazeti la ukutani, nje ya maktaba, pahali ambapo kila mwanafunzi hana budi kupita aendapo bwalo la chakula. Nilikuwa kijana mwenye imani kubwa katika uhuru wa kusema, na nilitaka wanafunzi wajue kwamba anayeandika huandikia watu, na watu wana vinywa. Kwa hivyo nilibandika karatasi kubwa ya manila chini ya makala, nikaning'iniza kalamu kwa uzi, na juu yake nikaandika neno moja tu: MAJIBU. Kalamu ya kwanza iliibiwa siku hiyo hiyo. Ya pili ilidumu siku tatu. Baada ya hapo kila mmoja akaja na yake.

Mwanzoni majibu yalikuwa ya kufurahisha. Mmoja alisahihisha upatanisho wa sarufi katika makala ya mwenzake, mwingine akamsahihisha yule msahihishaji, na kwa siku mbili bwalo zima lilikuwa likibishana kuhusu ngeli. Mwalimu gani wa lugha asiyetamani jambo kama hilo? Nilijipiga kifua.

Kisha mvulana wa kidato cha pili, mpole na mwenye haya, akaleta shairi la beti sita kumhusu mama yake aliyekuwa akiuza omena sokoni. Vina vilikuwa na kasoro hapa na pale lakini moyo ulikuwamo. Nililibandika katikati kabisa. Kesho yake, chini ya shairi, mtu asiyejulikana alikuwa ameandika: "Ndiyo maana unanuka omena." Hakuna aliyelifuta neno hilo. Badala yake wengine walilitilia alama ya vyema, kalamu nyekundu kwa nyeusi, hata zikawa nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Nilimwona yule mvulana kupitia dirisha la chumba cha walimu, amesimama mbele ya ubao huo, akisoma. Hakulia wala hakuligusa. Alisimama tu kama mtu anayesoma ratiba ya mtihani, kisha akaenda zake. Hadi alipomaliza kidato cha nne hakuniletea hata mstari mmoja zaidi.

Nilighadhabika. Niliing'oa karatasi ile, nikamwomba fundi wa shule anitengenezee kisanduku cha mbao chenye kufuli, nikatangaza sheria mpya mbele ya wanafunzi wote: maoni yataandikwa katika karatasi, yatatiwa sandukuni, na kila moja litakuwa na jina na kidato cha mwandishi. Lisilo na jina litatupwa bila kusomwa. Nilikuwa na hakika kwamba nimelitibu donda. Kumbe nililifunga tu kwa kitambaa safi.

Juma lililofuata sandukuni mlikuwa na karatasi nne, zote za sifa. "Makala ya Mwalimu yamenipendeza mno." "Kongole kwa mhariri." Msomaji mpendwa, hakuna usomaji unaochosha kama usomaji wa sifa zilizotiwa sahihi na watu wanaosubiri kusahihishiwa mtihani na msifiwa. Katika juma la tatu nikakuta karatasi ya tano, ndogo, iliyokunjwa mara nyingi, isiyo na jina. Ilisema kwamba usiku, taa zikishazimwa, wavulana wa kidato cha kwanza katika bweni fulani hunyang'anywa blanketi, na anayekataa hupigwa. Ilimalizika kwa maneno, "Tafadhali Mwalimu usiulize ni nani ameandika."

Nilifanya nini? Nilikumbuka sheria yangu. Nilijiambia kuwa mwenye haki hajifichi, na kwamba nikimsikiliza huyu asiye na jina nitakuwa nimewafungulia mlango wale wa omena. Sikuitupa, lakini nilifanya jambo lisilo na tofauti kubwa: niliitia katika mtoto wa meza na kuusukuma ukajifunga. Hazikupita siku kumi na mbili kabla ya mvulana wa kidato cha kwanza kuonekana alfajiri katika kituo cha matatu, kilomita kadhaa kutoka shuleni, akienda kwao kwa miguu huku mkono wake umevimba. Ulikuwa umevunjika kifundoni. Nilipompelekea naibu wa mwalimu mkuu karatasi ile, aliisoma mara mbili, akaniuliza swali moja tu: "Uliipata lini?" Nikamtajia tarehe. Hakunikaripia. Laiti angenikaripia.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu wengi wetu tunaoandika au kusema mbele ya watu hudhani kwamba tatizo la maoni ya hadhira ni tatizo la matusi. Matusi yapo na yanauma. Hata hivyo, mwenye kuyazuia matusi kwa kufuli anaweza kuzuia pamoja nayo kilio. Karatasi mbili zisizo na jina zilinifikia katika muhula mmoja. Ya kwanza nikaiacha ubaoni usiku kucha, ya pili nikaificha mezani. Laiti ningalizigeuza.

Magazeti yetu yaliligundua jambo hili kitambo, nami nilikuwa nikilisoma kila siku bila kulitia akilini. Tazama masharti yanayowekwa katika ukurasa wa barua: mwandishi atie jina na anwani yake hata kama hataki vichapishwe. Hapo pana hekima kubwa katika sentensi fupi. Mhariri anamjua aliyeandika, wasomaji hawamjui. Mwandishi hawezi kutukana kwa kujificha kabisa, kwa kuwa yuko anayemjua. Wala hana haja ya kuogopa, kwa kuwa anayemjua ameahidi kunyamaza. Baina ya ubao ulio wazi kwa kila mpita njia na sanduku linalodai jina litangazwe, pana njia hiyo ya kati. Nami naongeza sharti moja ambalo nimelinunua kwa bei ghali: barua isiyo na jina haichapishwi, lakini husomwa, na husomwa siku ile ile.

Aidha, fasihi yetu yenyewe ina mengi ya kutufunza kuhusu namna ya kujibizana. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mombasa na Lamu zilipokuwa zikielekea vitani, malenga wa pande mbili walitumiana mashairi ya kutishana, kuchokozana na kukejeliana. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi kati ya miaka ya 1776 na 1840 hivi, alikuwa fundi wa kazi hiyo. Baadhi ya tungo hizo za majibizano zilikusanywa na kuhaririwa na Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff katika Mashairi ya Vita vya Kuduhu, kitabu kilichotoka mwaka wa 1995. Ajaribuye kuzisoma atakuta maneno makali kupita yale ya ubaoni kwangu. Lakini ukali wenyewe umepimwa. Aliyejibu alipaswa kulisikiliza shairi la mwenzake neno kwa neno, ashike hoja yake, kisha atunge kwa vina na mizani, la sivyo watu wake mwenyewe wangemcheka.

Desturi hiyo haikufa. Gazeti la Mambo Leo lilipoanzishwa Tanganyika mwaka wa 1923, kurasa zake zikawa uwanja wa washairi kuulizana na kujibizana, na magazeti yaliyofuata, ya Kenya na ya Tanganyika, yaliurithi mtindo huo. Mtu wa bara aliuliza fumbo, mtu wa pwani akalifumbua, wa tatu akasema wote wawili wamepotoka. Wengi walitumia lakabu, naam, lakini lakabu ya mshairi haikuwa kinyago cha kujifichia. Ilikuwa jina la pili analotambulika kwalo, ambalo angeona haya kulichafua. Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea tunapodhani kwamba jina la kupanga peke yake ndilo huleta utovu wa adabu. Anayetumia jina lile lile la kupanga miaka kumi ana sifa ya kulinda sawa na mwenye jina la ubatizo.

Mimi naamini kwamba mizani ndiyo iliyokuwa mlinzi mkubwa wa kurasa zile. Huwezi kuhesabu silabi nane kwa nane ukiwa umefura. Ukishaketi na kalamu, ukatafuta kina cha kati na kina cha mwisho, ukafuta, ukaandika tena, mafuta ya taa yameisha na hasira nayo imepungua. Kinachosalia ni hoja. Ukifika posta kesho yake umepata nafasi nyingine ya kujiuliza kama kweli unataka kuituma. Leo mwanafunzi hujibu kwa kidole gumba kabla hajaifikia aya ya pili ya kile anachokijibu, na jibu lake limewafikia watu mia kabla hajaketi. Silaumu chombo, nami ninacho mfukoni. Nasema tu kwamba kazi iliyokuwa ikifanywa na mizani na sanduku la posta sasa lazima ifanywe na mtu, na mtu huyo katika shule ni mwalimu.

Miaka ya sabini tulishuhudia malumbano mengine makubwa, pale Euphrase Kezilahabi alipochapisha diwani yake Kichomi mwaka wa 1974 akiwa na mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Wanamapokeo walichachamaa, wanamabadiliko wakajibu, na ugomvi huo ukaendelea kwa miaka mingi magazetini, makongamanoni na katika vitabu vya wahakiki. Kila mwalimu wa fasihi anayesoma ukurasa huu amewahi kuufundisha. Yalisemwa maneno ya kuchoma, lakini leo tunayo katika Kiswahili mashairi ya arudhi na mashairi huru pia, na mtahiniwa hutarajiwa kuyafahamu yote mawili. Lau wahariri wa wakati huo wangelichoka na kelele na kuzifunga kurasa zao, nadhani tungekuwa maskini zaidi.

Katika redio napo alikuwako bingwa. Marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki mwezi wa Februari 2025, alianzisha mwaka wa 1966 kipindi chake maarufu cha Je, Huu ni Ungwana? na akakiendesha kwa zaidi ya nusu karne. Alisimulia tendo, akalieleza kwa ucheshi mpaka ukaliona, kisha akakuachia swali. Tendo ndilo lililokuwa likishtakiwa. Msikilizaji aliyewahi kulitenda alijijua mwenyewe pale alipoketi na akaona haya bila ya kutajwa. Nimewaomba wanafunzi wangu mara nyingi waige mbinu hiyo wanapotoa maoni juu ya kazi ya mwenzao: sema beti la tatu limepungukiwa na mizani, usiseme mtunzi ni mjinga.

Sheria za nchi nazo zina funzo, hasa kwa mwalimu anayetunga kanuni za ubao wake. Ibara ya 33 ya Katiba ya mwaka wa 2010 inampa kila mtu uhuru wa kujieleza, na ibara hiyo hiyo inasema uhuru huo hauhusu uchochezi wa ghasia wala matamshi ya chuki, na kwamba anayeutumia sharti aheshimu haki na sifa za wengine. Mwaka wa 2016 Mahakama Kuu ilikibatilisha kifungu cha 29 cha sheria ya habari na mawasiliano, kilichofanya kuwa jinai kutuma kwa mitambo ya mawasiliano ujumbe wa kuchukiza au kuudhi. Miongoni mwa sababu zake ni kwamba maneno ya kifungu hicho yalikuwa mapana mno, hata mtu asingeweza kujua kabla ya kuandika kama anavunja sheria. Sasa jiulize, mwalimu mwenzangu: ile kanuni yako ya "lugha mbaya hairuhusiwi" inampa mwanafunzi mwanga gani? Kwa naibu wa mwalimu mkuu, lugha mbaya ni kusema maharagwe yana wadudu. Afadhali uandike wazi: usimtaje mtu kwa umbo lake, kabila lake, dini yake au hali ya kwao; usidai jambo juu ya mtu usiloweza kulithibitisha; jibu kilichoandikwa, si aliyeandika. Mtoto wa kidato cha kwanza anaelewa hayo, na yule wa omena angelijua kwamba amevuka mpaka.

Sina budi pia kusema machache kuhusu sisi waandishi, maana ni rahisi kuwatungia wasomaji kanuni huku tumejisahau. Miaka kadhaa iliyopita niliandika katika makala kwamba Al-Inkishafi ni utungo wa Mwengo bin Athman. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa Lamu, aliniletea barua ya mistari miwili. Alisema Mwengo ndiye wa Utendi wa Tambuka, wa mwaka wa 1728, na kwamba Al-Inkishafi ni wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Alikuwa sahihi, na nilijua hivyo mara tu nilipoisoma. Hata hivyo nilikaa siku tisa kabla ya kuukiri ukweli huo, nikitafuta namna ya kuandika ambayo ingenifanya nionekane kana kwamba nilikuwa nimekosea kwa busara. Wakati huo wote watahiniwa walikuwa wakinakili kosa langu katika madaftari yao. Jambo la kusikitisha ni kwamba katika siku hizo tisa nilipata nafasi ya kuwajibu kwa kirefu wasomaji wawili walionisifu.

Tangu hapo nimejiwekea mazoea. Barua ya kunisahihisha huijibu kwanza, na masahihisho huyatoa pahali pale pale kosa lilipotokea, kwa maandishi ya ukubwa ule ule. Anayebishana nami kwa hoja namjibu mara moja, yaani mara moja tu. Akirudi namwachia neno la mwisho, kwa kuwa ukurasa ni wangu na yeye hana. Anayetukana bila hoja simjibu kabisa. Zamani nilikuwa nikimjibu, tena kwa methali, nikidhani nimemkomesha, kumbe nilikuwa nimempa kile alichokuja kukitafuta. Ama zile barua za mtu anayeandika juu ya jambo jingine kabisa, ambazo ukizisoma kwa makini unagundua kuwa ana shida, hizo haziendi ukurasani. Hizo huzitafutia mtu wa kuzishughulikia.

Yule mwalimu kijana nilimwandikia hayo kwa kifupi. Nilimwambia asilifunge gazeti, wala asilirudishe kama lilivyokuwa. Aende kwa mwalimu mkuu na kanuni tatu zilizoandikwa, pamoja na majina ya wasichana wanne watakaofungua sanduku pamoja naye kila alasiri kabla ya michezo, si kila Ijumaa kama nilivyokuwa nikifanya mimi, kwa maana kati ya Jumatatu na Ijumaa mengi hutokea bwenini. Barua iandikwe jina kwa ajili ya walezi pekee. Isiyo na jina ipelekwe siku hiyo hiyo kwa mwalimu wa ushauri nasaha. Aidha, kila jibu litakalobandikwa liwe na angalau sentensi tatu kamili. Sentensi tatu si mizani, lakini humchelewesha mwenye hasira.

Jibu lake lilinifikia juzi. Mwalimu mkuu amekubali wajaribu kwa muhula mmoja, sharti sanduku liwe karibu na dirisha la ofisi yake, jambo ambalo mimi nisingelichagua, na nimemwambia aendelee kumsihi walisogeze hadi maktaba, kwa kuwa mwenye siri haendi kuitia chini ya jicho la mwalimu mkuu. Karatasi kumi na moja zilipatikana siku ya kwanza. Kumi anazishughulikia yeye na wasichana wake. Ya kumi na moja amenitumia mimi, kwa kuwa inanihusu: mwanafunzi wa kidato cha tatu, ambaye jina lake limefunikwa kwa karatasi nyeupe, anataka kujua kwa nini makala zangu zina sentensi ndefu hivyo, na kwa nini siwezi kuandika ukurasa mzima bila ya kusema "aidha". Ametimiza sentensi zake tatu. Hii ni barua ya kusahihisha, kwa hivyo nimeanza nayo.